Siku ya Otokrosi Mwanza: Kuwaweka Wageni na Mafundi Uwanja Mmoja

Otokrosi inayozungumziwa hapa ni ile ya koni: gari moja peke yake uwanjani, njia iliyochorwa kwa koni za plastiki juu ya lami au zege, na saa. Hakuna anayempita mwenzake. Ulaya jina hilohilo ni la magari yanayokimbizana bega kwa bega kwenye vumbi, na Kenya hulitumia kwa mbio za uwanja wa vumbi. Kwa hiyo ukienda kumweleza mwenye kiwanja, neno "koni" litangulie neno "mashindano". Mtindo huu umekomaa zaidi Marekani, ambako chama cha SCCA (Sports Car Club of America) kina fainali za kitaifa tangu 1973, na kanuni za msingi zinazofuata zimetoka huko. Gari la kila siku linatosha: Vitz, Starlet, IST, Altezza, Impreza.

Watu husifia undugu wa mchezo huu kana kwamba huja wenyewe. Hauji wenyewe. Unatengenezwa na ratiba: anayekuacha sekunde tano ndiye anayesimama juani kukusimamishia koni ulizoangusha, na saa moja baadaye wewe unasimamisha zake. Ratiba ikiwa mbovu, mafundi, yaani madereva waliobobea, watakaa kivulini na mafundi, wageni wa mchezo watabaki na simu zao, na mara ya tatu wageni hawarudi.

Kiwanja

Tafuta lami au zege lisilopungua mita 120 kwa 70: maegesho makubwa, yadi ya maghala, eneo la maonyesho. Mwanza, Jiji la Miamba, si mahali pa kupata tambarare kirahisi, na ukiipata huwa na jabali pembeni. Chochote kigumu, iwe mwamba, nguzo ya taa, ukingo wa zege au mtaro, kiwe mita 15 au zaidi kutoka ukingo wa njia. Pale ambapo gari likikataa kona litanyooka moja kwa moja, weka mita 25.

Sehemu ya kuogopa zaidi ni baada ya mstari wa kumalizia. Mgeni humaliza akiwa bado amekanyaga mafuta kwa furaha. Kwa 60 km/h gari hukata karibu mita 17 kila sekunde. Kwenye lami safi litahitaji kama mita 20 kusimama, kwenye mchanga 35 au zaidi, na hapo hujahesabu sekunde aliyopoteza akitafuta mstari uko wapi. Acha mita 60 tupu, na kabla ya mstari weka kona ya kumpunguza mwendo.

Mvua ikinyesha, maji hushusha kutoka milimani mchanga wa itale wenye punje kali na kuutandaza juu ya lami. Ukikauka, gari linatembea juu ya gololi. Fagieni kwa mafagio ya chelewa asubuhi, mkianza na sehemu za kufunga breki, kisha ndani ya kona. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kutegemea. Hata hivyo, upepo wa ziwani huanza kusukuma kadiri jua linavyopanda, na koni nyepesi huanguka zenyewe, jambo linaloleta ugomvi wa adhabu usio na mwisho. Nunueni koni zenye kitako kizito, raundi ya kwanza ianze saa 3 asubuhi, na mmalize kabla ya saa 8 mchana.

Ruhusa: barua ya mwenye eneo, taarifa kwa serikali ya mtaa na polisi wa usalama barabarani. Mkitaka mashindano yenye hadhi rasmi, mlango ni Automobile Association of Tanzania (AAT). Barabara ya umma haitumiki, hata iwe tupu kiasi gani. Na kila mmoja asome mkataba wake wa bima, kwa sababu bima nyingi za kawaida hazilipi gari lililoumia kwenye mashindano ya kasi.

Njia isiyompoteza mgeni

Koni 80 hadi 100 za sentimita 45 zinatosha kwa njia ya mita 400, ambayo gari dogo huimaliza kwa sekunde 40 hivi. Upana wa geti, yaani nafasi ya kupita kati ya koni mbili, uwe mita 4.5 hadi 5. Slalomu, yaani mstari wa koni zinazopitwa kwa zigizaga, iwe ya koni tano kwa nafasi ya mita 18. Ukizibana chini ya mita 14 zinakuwa mazoezi ya kuegesha, na ukizitanua kupita 22 wenye magari yenye nguvu wanapita wamekanyaga mafuta hadi mwisho, na hapo ndipo hatari inapoanza. Mwendo wa juu kabisa usizidi 65 km/h.

Kosa la wapangaji wazoefu ni kuchora njia wanayoiona wao kichwani. Mgeni akiingia, anachokiona ni bahari ya rangi ya chungwa. Dawa ni tatu. Mwaga mstari wa chokaa pande zote mbili za njia, kama wanavyochora uwanja wa mpira. Laza koni ya kuelekeza kando ya kila geti, ncha yake ikionyesha upande wa kupita. Kisha mtu asiyejua njia aipite kwa miguu bila kuelekezwa. Akisimama mahali kujiuliza, hapo paongezwe koni au papunguzwe. Mpangaji naye asihesabiwe kwenye ushindi wa jumla siku hiyo, maana amelala na njia kichwani.

Chora mraba wa chokaa kuzunguka kitako cha kila koni. Ikiangushwa, au ikisogezwa hadi kitako chote kikatoka nje ya mraba, adhabu ni sekunde 2. Ikiwa wima na kitako bado kinagusa mraba, hakuna adhabu. Koni ya kuelekeza haina adhabu. Aliyeruka geti raundi hiyo haina muda.

Kama hamna mitambo ya kupima muda, panga mstari wa kuanzia na wa kumalizia vikae karibu, kamera moja ya simu ivione vyote bila kusogezwa. Rekodi kwa fremu 60 kwa sekunde, kisha hesabu kuanzia fremu tairi la mbele linapovuka mstari wa kwanza hadi linapovuka wa pili. Kosa halizidi sehemu chache za mia za sekunde. Mkono na stopwochi hukosea hata sehemu mbili za kumi, na kwenye mchezo huu hizo ni nafasi tatu za msimamo.

Ukaguzi wa gari

Toa kila kisichofungwa: jeki, spana, dumu, kapeti la dereva, viatu vya watoto. Chupa ya maji ya nusu lita iliyosahaulika chini ya kiti cha dereva hutulia vizuri hadi breki ya kwanza kali. Hapo inabingirika mbele na kujibana nyuma ya pedali ya breki, na mguu unakuta pedali haishuki. Mkaguzi apige magoti, apitishe mkono chini ya viti vyote viwili. Asiamini jibu la "nimeshatoa".

Boneti ifunguliwe. Betri iliyofungwa kwa mpira wa tyubu hairuhusiwi, ikae kwenye kibano chake. Mafuta ya breki meusi kama chai ya rangi yabadilishwe kabla ya siku yenyewe. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu hushuka hadi 140, na pedali inageuka sifongo raundi ya tatu. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kupimia. Toyota nyingi ndogo hutaka Nm 103. Tikisa kila gurudumu kwa mikono miwili, juu na chini, kisha kushoto na kulia.

Noah, Prado na Carry haziingii, ziko juu mno kwa upana wake. IST iliyonyanyuliwa kwa spesa ili ipite mashimo nayo haiingii, hata kama mwenyewe ataapa. Helmeti iwe na alama ya usalama ya Snell au ECE 22.05 au 22.06, ile nyepesi ya abiria wa bodaboda yenye kamba ya kuning'inia iachwe nyumbani.

Upepo wa tairi: kama kibandiko cha mlangoni kinasema psi 32, anza mbele na 36, bila kupita kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Paka chaki kwenye bega la tairi. Baada ya raundi, chaki ikiwa imefutika hadi kupita kialama cha pembetatu, ongeza 2; ikibaki juu ya bega lenyewe, punguza 2. Gari la otomatiki lifungwe kwenye 2, lisibadilishe gia katikati ya slalomu.

Nani anasimama wapi

Chukulia madereva 24. Wagawe makundi mawili ya 12, kila kundi likiwa na wageni na wazoefu waliochanganywa. Kundi A likiendesha, B linafanya kazi: vituo vinne vya kusimamia koni kando ya njia, kila kimoja watu wawili, mwanzishaji mmoja, wawili wa muda na mmoja wa kuandika. Hao ni 12 kamili. Raundi nne kwa kila mtu ni raundi 48, na ukiachia gari moja kila sekunde 75, kundi linamaliza kwa saa moja. Kisha mnabadilishana.

Kila kituo kiwe na mgeni mmoja na mzoefu mmoja. Kwetu hii ndiyo kanuni yenye thamani kuliko zote za siku hiyo. Akiwa kituoni mgeni huona magari 12 yakiingia kona ileile mara nne, na mwenzake anamwonyesha: "Umeona alivyofunga breki kabla ya kukata usukani? Sasa mwangalie huyu." Hakuna somo la darasani linalofikia hilo.

Vifaa vya kituo ni bendera nyekundu, redio au simu yenye laini iliyo wazi, na maji. Kizimamoto cha poda kikae mahali pa kuanzia na kituo cha mbali zaidi. Msimame, msikae, wala msiligeuzie gari mgongo. Koni ikianguka, mmoja anakimbia kuisimamisha gari likishapita, mwingine anaripoti kwa ufupi: "Kituo cha pili, gari namba 7, koni moja." Usiseme jina la dereva kwenye redio, namba haina urafiki. Koni isiporudi mahali pake kwa wakati, inua bendera. Gari linasimama na dereva anapewa raundi mpya. Bendera ikipandishwa bila sababu bado ni bora kuliko isiyopandishwa.

Aliyeendesha akaondoka bila kufanya kazi, muda wake unafutwa. Msilegeze hili hata kwa mzee wa kikundi. Shikamoo atapewa, koni atasimamisha.

Kujua kiwango cha dereva

Gari linadanganya. Mwenye Altezza anaweza kuwa wa pili siku nzima na asijue kuendesha, huku mwenye Vitz akishika nafasi ya kumi na tano kwa ustadi mkubwa. Pima dereva kwa raundi zake mwenyewe kwanza.

Mgeni ni yule ambaye hajamaliza siku tatu za mashindano. Raundi yake ya kwanza mara nyingi haina muda kwa sababu ameruka geti, na kati ya ya pili na ya nne hushuka sekunde tatu hadi sita. Kwenye njia ya sekunde 40, kuachwa na fundi sekunde tano hadi nane ndani ya gari lilelile ni jambo la kawaida kabisa, na aambiwe hivyo kabla hajaanza. Lengo lake la siku ni moja: raundi nne zenye muda.

Mwanafunzi hapotei tena, ila mikono yake imechelewa. Utamjua kwenye slalomu: koni ya kwanza anapita vizuri, ya pili kwa mbali kidogo, ya tatu tairi linalia, ya nne anaigonga. Kosa halikuwa kwenye ya nne. Aliingia ya kwanza kwa kasi kubwa, na kila koni ikamdai zaidi ya iliyotangulia. Raundi zake hutofautiana sekunde moja hadi mbili, na haelewi kwa nini ile aliyohisi ni ya taratibu ndiyo iliyokuwa bora.

Mzoefu raundi zake za pili hadi ya nne huwa ndani ya nusu sekunde. Hana tena cha kupata kwa kukaza moyo. Anahitaji mtu wa kumwambia ni koni ipi hasa inayomgharimu. Wengi huganda hapa kwa miaka, na wengi wao hukimbilia kununua tairi.

Fundi hutambulika kwa raundi ya kwanza. Akiwa hajawahi kuipita njia kwa gari, raundi yake ya kwanza haizidi bora yake kwa zaidi ya nusu sekunde hivi, kwa sababu kazi ameimaliza kwa miguu. Mtazame anavyotembea njia asubuhi. Duru ya kwanza anajifunza mapito. Ya pili anatafuta koni tatu au nne zinazoamua kila kitu, kwa kawaida ile ya mwisho kabla ya sehemu ndefu. Ya tatu anachuchumaa kwenye kila kona, macho yakiwa kimo cha kiti cha gari, aone kile atakachokiona kweli. Haongei na mtu. Kumsalimia wakati huo ni uchokozi.

Kipimo cha mwisho, kama muda upo, ni gari la pamoja: IST moja ya kawaida, kila mtu raundi mbili, mwishoni mwa siku. Matokeo yake huwa na vicheko vingi na huwatuliza wenye injini kubwa kwa mwezi mzima. Kati ya madereva acheni dakika mbili, boneti wazi, na pimeni upepo kila baada ya watu wanne.

Kuwapa wote msimamo mmoja

Klabu kubwa Marekani hutumia kizidisho kwa kila daraja la gari. Kikundi kidogo kinaweza kutengeneza chake. Chukua fundi mmoja, aendeshe magari yote mawili kwenye njia ileile. Tuseme Altezza imempa 38.40 na IST 41.20. Gawanya 38.40 kwa 41.20, unapata 0.932. Hicho ndicho kizidisho cha IST, na cha Altezza ni 1. Dada aliyepata 43.00 kwa IST anahesabiwa 40.08, na kaka aliyepata 40.50 kwa Altezza yuko nyuma yake. Mvua ikinyesha msitumie kizidisho hicho, kwa sababu kwenye maji nguvu za gari la kusukuma kwa magurudumu ya nyuma hazitumiki zote na pengo hubadilika.

Wageni wawe na orodha yao pekee, na washindane wao kwa wao.

Kiti cha abiria

Raundi ya kwanza ya mgeni, mzoefu akae pembeni yake na helmeti. Kisha kati ya raundi ya pili na ya tatu mgeni apande gari la mzoefu wakati wa raundi yake. Mpangilio huu una sababu: mgeni akipanda kwanza hajui aangalie nini, na huishia kushika mlango tu. Akishaonja njia mwenyewe, ana swali.

Anayefundisha awe na maneno matatu tu: "mbele", "breki", "achia". "Mbele" maana yake inua macho uangalie koni inayofuata, si hii iliyo puani. "Breki" husemwa gari likiwa limenyooka. "Achia" ni kulegeza usukani au mafuta, pale pua inapokataa kona. Mgeni pua ikikataa huongeza kukata usukani, na tairi la mbele ambalo limeshaelemewa huelemewa zaidi. Akilegeza kidogo, tairi linashika tena. Mkia ukitoka, macho yaende kule njia inakoelekea na mikono ifuate. Wala asikanyage breki ghafla katikati ya kona.

Gari likisimama, mpe jambo moja tu la raundi ijayo. Ukimpa matano atayasahau yote kufikia geti la pili. Asiyeombwa asifundishe kabisa, hili liandikwe kwenye kanuni, maana wanaume watatu wakiinamia dirisha la dada aliyemaliza raundi yake ya kwanza ndiyo njia ya haraka ya kumpoteza.

Utani upo, na bila utani si Mwanza. Mzoefu ataniwe hadi atoke jasho. Mgeni asiguswe hadi ajitanie mwenyewe. Mbishi wa koni asikilizwe mara moja, na neno la kituo ndilo la mwisho; ndani ya wiki naye atakuwa kituoni akibishiwa.

Kufunga siku

Soma matokeo kuanzia wa mwisho kwenda juu, na kwa kila mgeni taja tofauti ya raundi yake mbovu na bora. Hesabu koni kabla sato hawajatoka jikoni, kwa sababu wakishatoka hakuna atakayehesabu. Mwageni maji kwenye chokaa, fagieni, mwenye eneo akute kama alivyoacha.

Kisha kila gari: rudisha upepo kwenye kiwango cha kibandiko wakati tairi zimepoa, pitisha spana kwenye nati zote tena, rudisha jeki na tairi la akiba mahali pake. Ukisikia breki zinanuka, endesha taratibu dakika kumi kabla ya kuegesha, na usivute handibreki zikiwa bado za moto.